Kiwanja cha Julai

Kwa miaka tisa, mwalimu mmoja ninayemfahamu alipanga vyumba viwili Nyamugo, katika komini ya Kadutu mjini Bukavu, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na nyumba moja ya mbao ikishika moto avenyu nzima hutoa magodoro nje. Mke wake, muuguzi, aliweka dola mojamoja kwenye likelemba, mchezo wa akiba wa kupokezana. Pesa zilipotosha kiasi, wakaamua kutoka mjini wakajenge nyumba yao ya kwanza kupita Panzi, upande wa Nyantende, ambako mtu wa mshahara mdogo bado anaweza kupata parseli kwa kujinyima.

Tulikwenda kuiona Jumapili ya Julai, baada ya misa. Nasema tulikwenda kwa sababu nami nilikuwepo, na jambo hili linanikaa moyoni hadi leo. Njia ilikuwa kavu. Upepo ulivuma vizuri, na vilima vya Rwanda vilionekana ng'ambo ya Ruzizi. Baada ya kelele za Nyamugo, ule ukimya peke yake ulitosha kumfanya mtu atoe pesa.

Hatua chache chini ya kiwanja kulikuwa na nyumba ya matofali yenye ufa kutoka pembe ya dirisha hadi ardhini, kidole kingeingia. Mwalimu akauliza. Komisyoneri, yaani dalali aliyetuleta, akajibu haraka: "Hiyo ni ya lile tetemeko la 2008, Papa Mwalimu. Bukavu nzima ina nyufa." Ni kweli kwamba tetemeko la Februari 3, 2008 lilipasua nyumba nyingi na kuua watu hapa kwetu na ng'ambo ya Rwanda. Tukaridhika. Lakini kando ya mlango, fundi aliyepiga saruji alikuwa ameandika kwa msumari, saruji ikiwa mbichi: 2015. Niliisoma namba hiyo. Mlango wenyewe ulikuwa umepunguzwa juu kwa randa, mbao bado nyeupe, maana fremu ilikwisha kupinda na mlango haukufungika tena. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yetu, wala hakuna aliyefanya hesabu. Mama mzee alikuwa amekaa pale akichambua maharagwe. Tulimpita kwa kuinamisha kichwa tu.

Walilipa wiki ileile. Karatasi waliyopewa ilikuwa ya kalinzi, haki ya ardhi kwa desturi ya Bashi, ambayo zamani ililipwa kwa ng'ombe. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali. Kuhusu ardhi za kimila, sheria hiyo iliahidi amri ya rais ya kuzipanga, na amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo mwenye kalinzi ana kitu mkononi, lakini hana cheti cha usajili. Kuta zilipofika usawa wa madirisha, ndugu wawili wa muuzaji wakafika kutoka Kamituga. Kalinzi ilikuwa ya baba yao wote, na aliyetia sahihi alikuwa mmoja. Mwalimu akalipa mara ya pili.

Septemba mvua ikaanza. Vilima vyetu vingi vimebeba udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya kale ya volkano. Ukinywa maji ya kutosha, unateleza. Kule Funu, ndani ya Kadutu, wanajiolojia wamepima mteremko mzima unaosogea polepole huku maelfu ya watu wakiishi juu yake. Husikii mngurumo. Unaona bomba limekatika, nguzo imeinama, mlango umegoma.

Kwa mwalimu ilianza na mlango. Kabla ya Krismasi ukuta wa nyuma ulikuwa umeachana na ule wa pembeni, na usiku wa mvua watoto walilala wamevaa viatu. Februari waling'oa mabati wakayauza.

Siku ya kuhama nilimsikia mwalimu akimuuliza yule mama mzee, bila hasira, kwa nini hakuwaonya. Akajibu: "Mwanangu, mlikuja na komisyoneri. Hamkupiga hodi. Ningeanzaje kuharibu biashara ya watu ambao hata hawakunisalimia?" Kisha akatuonyesha, mlango kwa mlango, nyumba ambazo zimeshasogea na zilizosimama. Alizijua zote. Ilimchukua muda mfupi kuliko tuliotumia Julai ile kutazama vilima.

Wamerudi kupanga, safari hii Cimpunda, na likelemba wameianza upya. Wewe uliyeonyeshwa parseli kiangazi hiki, nakuomba, shika pesa zako hadi Novemba. Rudi siku ya mvua, bila komisyoneri, uulize watoto wote wa mwenye shamba wako wapi, kisha upige hodi kwa jirani wa chini na ukae naye.