Udongo wa Bure

Kilimo cha magunia kilishika kasi Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, na hadi leo ukipita vichochoroni Nairobi utakuta sukuma wiki imechomoza ubavuni mwa gunia. Ufundi wake ni rahisi. Kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo huzungushiwa, kisha kopo huvutwa juu na kazi hurudiwa mpaka gunia lijae. Maji hupitia kokoto na kuifikia miche yote, hata ya chini.

Jirani yetu mmoja aliyapanga magunia yake vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa udongo. Aliuchota nyuma ya gereji, mahali mafundi walipozoea kupasua betri kuukuu za magari. Pale palikuwa peupe, hapaoti kitu, na vipande vyeusi vya plastiki vilichanganyika na mchanga. Kijana wa mkokoteni alimwambia, "Mama, hapa hata magugu yamekataa."

"Afadhali," akajibu, "sitapalilia."

Tusimcheke. Udongo mjini hununuliwa, na mimi ningeshika koleo nimsaidie.

Akatia samadi, mboga zikanawiri, na kunawiri huko ndiko kulikotuhadaa. Risasi ya betri haiozi, na jani lililoinyonya huweza kuonekana zuri tu. Kuosha huondoa vumbi la juu. Iliyopita mizizini haitoki, hata upike. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Tulishapata onyo Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu hiyo hiyo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Afisa wa kilimo aliyetembelea chama cha kina mama cha jirani yetu hakugusa hata jani. Aliuliza tu, "Udongo umetoka wapi?" Watoto walikuwa wamekula sukuma ile msimu mzima. Ikabidi wapelekwe kupimwa damu.

Ndugu zangu, tuulize mapema: hapa palikuwa gereji, jaa, au karakana ya rangi? Na maji ya kumwagilia, si ya mtaro? Pasipo na jibu, tuache koleo.

Jirani alianza upya kwa udongo wa shambani kwa dada yake, Kiambu. Uliletwa kwa matatu, na kila gunia likatozwa nauli ya abiria.