Tusimsingizie Mungu



Kila chombo kinapozama katika maji ya nchi yetu, maneno mawili husikika mara. La kwanza husemwa msibani: ni mapenzi ya Mungu. La pili husemwa barazani, magazetini na Bungeni: nani aliyekiruhusu kiondoke? Wako wanaodhani kwamba neno la kwanza ndilo la mtu wa imani, na la pili ni la wanasiasa na wagomvi. Sisi hatukubali. Twaona kwamba swali lile la pili lina imani ndani yake kuliko wengi wanavyofikiri, na kwamba lile neno la kwanza, likitamkwa haraka mno na kinywa kisichostahili, huwa ni masingizio juu ya Mungu mwenyewe.

Tukumbuke ya Ukara. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, kwenda Bwisya, kisiwani Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wakirudi makwao na mizigo yao, wengine na watoto. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika, watu wa nchi kavu wakikitazama. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Mtoto wa shule aweza kujumlisha hesabu hiyo, akapata 269. Rais John Magufuli aliliambia taifa kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiyefunzwa kazi hiyo. Siku nne za maombolezo zikatangazwa, na bodi ya TEMESA, wakala wa serikali uliokuwa na kivuko kile, ikavunjwa. Jumapili iliyofuata wengi wao wakazikwa pamoja kule kule Ukara.

Sasa twauliza: Je, Mungu ndiye aliyesimama gatini Bugolora kuwahesabu abiria, akakosea hesabu?

Hatumkemei mama aliyefiwa. Yeye akisema ni mapenzi ya Mungu, anamshikilia Mungu wake kwa mikono miwili ili asianguke. Na heri yake. Lakini neno hilo hilo si halali kwa mwenye chombo, wala kwa ofisa aliyetia sahihi, wala kwa kiongozi aliyepewa habari akanyamaza. Huyo akilisema, anajificha nyuma ya Mungu kama mwizi ajifichavyo nyuma ya altare. Mwenyezi Mungu ameruhusu mambo mengi yatokee ulimwenguni, pamoja na dhambi zetu, lakini hakuziamuru.

Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamdaka. Bwana alikataa, akamjibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Tumelisoma fundisho hilo kila Kwaresima, nasi twadhani linawahusu watu wa zamani wenye mahekalu marefu. Kumbe kujaza watu 200 na zaidi katika chombo cha watu 101, kisha kufanya ishara ya Msalaba na kung'oa nanga, ndiko kujitupa kutoka kinarani. Ishara ya Msalaba haikuwekwa ili ishike nafasi ya maboya ya kujiokolea.

Tena katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati iko sheria moja ndogo ambayo wengi huipita. Waisraeli waliishi katika nyumba zenye paa tambarare, wakapanda juu yake kulala na kuanika nafaka. Basi wakaamriwa kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie paa ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Fikirini jambo hili. Aliyeanguka huenda alizubaa. Huenda alikuwa mlevi. Hata hivyo damu yake yahesabiwa kwa aliyejenga bila ukingo. Hapo hapana nafasi ya kusema kwamba kila mtu ajiangalie mwenyewe. Kanuni za usalama, ambazo wengine huzidhania kuwa uvumbuzi wa Wazungu au usumbufu wa serikali, zimo katika Maandiko tangu zamani hizo, na amri ya tano ndiyo mama yake.

Lakini ukingo ni lazima upimwe na nani? Hapa ndipo mabishano ya siku zote yalipo, si kwetu tu. Huko Uingereza, katika karne ya 19, matajiri wengine walipakia meli mbovu kupita kiasi, nazo zimekatiwa bima. Ikizama, mwenyewe hapotezi kitu, mabaharia hufa. Watu waliziita meli za majeneza. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele miaka mingi ili kila meli ichorwe mstari ubavuni, maji yasiupite. Mwaka 1875 alighadhibika Bungeni hata akaonekana kama mwenda wazimu. Mwaka uliofuata sheria ilipitishwa. Lakini angalieni werevu wa matajiri: sheria iliuamuru mstari uchorwe, ikamwachia mwenye meli achague mwenyewe pa kuuchora! Ilipita miaka 14, hata 1890, ndipo mahali pa mstari pakawekwa na sheria. Miaka hiyo yote mstari ulikuwapo, rangi yake nzuri, wala haukumzuia asiyetaka kuzuiwa.

Hilo ndilo tunalotaka jamaa za Kikristo zilifahamu. Kipimo kinachochorwa na mwenye faida si kipimo. Kwa Tanzania Bara kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini ilikuwa ya SUMATRA, na tangu 2018 ni ya TASAC. Zanzibar ina mamlaka yake. Majina hubadilika, nasi hatuna neno juu ya majina. Neno letu ni hili: mkaguzi awe na uwezo wa kusema hapana, hata chombo kikiwa ni cha serikali iliyomwajiri, hata mkubwa akimpigia simu, na kesho yake awe bado kazini. Pasipo hilo ukaguzi ni mchoro wa rangi tu.

Tumesikia jibu la wenye haraka. Husema, mkizuia watu, maskini atafikaje nyumbani? Kisiwa kina kivuko kimoja, jua linatua, mtoto anangoja uji. Jibu hilo si la kudharauliwa, kwa maana abiria wa Bugolora hawakupanda kwa kupenda hatari. Walipanda kwa sababu hawakuwa na kingine. Lakini tazameni walivyofanya wavuvi wa Genesareti. Samaki walipozidi hata nyavu kukatika, Simoni hakuwarundika wote chomboni mwake kwa kuwa ni baraka ya Bwana. Aliwapungia wenzake waje na chombo cha pili. Na hata hivyo vyote viwili vilikaribia kuzama. Basi ahurumiaye maskini na adai chombo cha pili, kwa diwani, kwa mbunge, kwa waziri, na adai kabla ya msiba. Baada ya msiba Ukara ilijengewa kivuko kikubwa zaidi. Twashukuru. Lakini walioliomba jambo hilo wakiwa hai wangelishukuru pia.

Nasi abiria tumo. Ni nani anayemzomea karani akifunga mlango? Ni nani anayempa kitu kidogo mkononi ili apenyezwe? Katika sala ya Nakuungamia twataja kutotimiza wajibu kuwa ni dhambi, tukijipiga kifua. Ni vema mwenye mashua, fundi wa injini, askari wa bandari na dereva wa basi wajiulize kabla ya kitubio kama neno hilo halina jina lake mahali fulani gatini. Na baba apelekaye watoto shuleni ng'ambo ya ziwa aulize chombo kimeruhusiwa watu wangapi. Akijibiwa kwa dharau, na arudi nyumbani nao, hata nauli ikipotea.

Spice Islander ilizama ikielekea Pemba mnamo Septemba 2011, na MV Skagit ikafuata Julai 2012, hata mwaka haujaisha. Na kabla ya hizo zote, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha yao. Wa daraja la tatu hawakuandikwa popote. Wengi wao wamelazwa Igoma. Novemba, tunapowaombea marehemu, twaomba kila parokia iwakumbuke katika Misa moja wale wa Ukara, wa Unguja na Pemba, na hao wa daraja la tatu, ambao Mungu peke yake anazo hesabu na majina yao.