Je, Asiyejua Kuogelea Ana Kosa?

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa Iyunga. Kama umewahi kupita Mbeya kwa treni ya TAZARA, au kwa basi la kwenda Tunduma, basi umepita kwetu, pengine ukiwa umelala. Tuna stesheni, tuna viwanda, tuna shule ya sekondari yenye jina, tuna malori usiku na mchana. Kitu ambacho hatuna ni maji ya kumtisha mtu. Kijito chetu mtu mzima anakivuka kwa kukunja suruali. Na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba umeisikia: mtu akikuambia anakwenda kujitumbukiza majini kwa hiari yake, utamshika kwanza paji la uso uone kama ana homa.

Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba kuogelea ni ufundi wa watu wa pwani na wa ziwani, kama kulima viazi kulivyo ufundi wa watu wa Uporoto. Hakuna aliyenicheka kwa kutojua. Pale kijiweni kwetu, katika washikaji tisa anayejua ni mmoja tu, naye alijifunzia Kyela kwa bibi yake.

Sasa nikueleze kilichonitoa katika imani hiyo. Si habari ya kujisifu.

Miaka sita iliyopita, nilipokwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, tulikwenda Matema, kule kaskazini mwa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone. Tulikuwa wanne, pamoja na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita. Tulibeba ndizi, samaki, na dumu la njano la lita ishirini lililojaa maji ya kunywa, maana mama alituambia tusinywe ya ziwani. Hadi saa nane dumu lilikuwa tupu. Mimi nikaligeuza kiti. Wenzetu wawili wakaenda kutafuta soda. Mdogo wangu akaingia majini, kwanza magoti, halafu kiuno, halafu kifua, akigeuka kila mara kunionyesha meno.

Halafu mchanga ukamwisha miguuni.

Methali yetu inasema mfa maji haishi kutapatapa. Methali hii iliniponza. Mimi nilikuwa nasubiri kutapatapa, nasubiri ukelele, “Kaka nakufa!” Hapakuwa na kitu. Kichwa kilizama, kikatokeza, mdomo wazi, macho yanatazama juu kama mtu anayepanda ngazi usiyoiona. Nikadhani anacheza. Baadaye sana ndipo nilipokuja kusoma kwamba mlinzi mmoja wa ufukweni huko New York, Frank Pia, alichunguza jambo hili katika miaka ya 1970 akaonyesha kwamba anayezama kweli kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Pumzi yote inatafutwa kwa ajili ya kuvuta hewa, mikono yote inasukuma maji chini. Anayepiga kelele bado ana akiba. Aliyenyamaza ndiye anayekwenda.

Nilipoelewa, nilisimama. Nikavua viatu. Nikavishika mkononi. Nikabaki hivyo.

Aliyemtoa ni mama mmoja wa Kikisi. Pale Matema Wakisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kwa ajili ya mnada wa Lyulilo. Mtumbwi wake ulikuwa unapita umesheheni vyungu. Akaugeuza, akanyoosha kafi, mdogo wangu akaling’ang’ania, akavutwa mpaka kina kifupi. Katika purukushani ile vyungu viwili vilivunjika. Yule mama alipofika nchi kavu akaniuliza, “Wewe ni nani wake?” Nikajibu, “Kaka yake, mama.” Hakunitukana. Aliangalia vile viatu, kisha akainama kuokota vigae.

Nyumbani walinitetea wote. Mama mdogo mwenyewe, mama mzazi wa mtoto, alisema, “Mwanangu, ungeingia mngekufa wawili, ningewalilia wapi?” Na ni kweli. Aliyezama humkamata yeyote anayemfikia, akamkandamiza chini apate kupumua. Hata waogeleaji hodari wamekufa hivyo. Nami nikaichukua ile hoja nikaifanya blanketi. Hujui kuogelea, ungefanya nini?

Hoja hiyo ina wazee wake, tena wazee wenye heshima. Immanuel Kant, yule Mjerumani, hutajwa kila mara watu wanaposema kwamba wajibu unakwenda na uwezo: huwezi kudaiwa usichoweza. Kipofu halaumiwi kwa kutosoma barua. Basi asiyejua kuogelea analaumiwaje kwa kubaki ukingoni?

Lakini kipofu hakuchagua upofu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo nilijifunza kucheza drafti, kuchanganya karata, kuigiza sauti za watangazaji wa mpira, na kukariri majina ya wachezaji wa timu za Ulaya ambazo sitaziona. Uwezo haukuninyima mtu. Sikuutafuta. Hapo ndipo lile swali linapogeuka, na ndipo liliponikosesha usingizi. Hawaniulizi kwa nini hukuingia. Naulizwa kwa nini ulifika siku ile ukiwa mtupu.

Kuna mfano mwingine wanaoupenda wanafalsafa. Mwaka 1972 Peter Singer wa Australia alichapisha makala akisema: unapita kando ya dimbwi, unamwona mtoto mdogo anazama; utaingia umtoe hata kama nguo zako zitachafuka, kwa sababu nguo si kitu mbele ya uhai. Kisha anauliza, basi kwa nini hutoi pesa kwa wanaokufa njaa mbali? Makala ile ameiandika vizuri, lakini mimi nimeona jambo moja ndani yake: dimbwi lake ni fupi. Ni lazima liwe fupi, la sivyo hoja nzima inazama. Dimbwi langu lilikuwa refu, wala sikuwa natetea nguo. Niliokoa viatu, hata hivyo.

Nitaje na Wayunani kidogo, nisionekane mvivu. Kwao mtu mjinga kabisa alikuwa yule asiyejua kusoma wala kuogelea; Plato ameligusia neno hilo katika kitabu chake cha Sheria. Na katika Talmud ya Wayahudi, kati ya mambo ambayo baba anapaswa kumfundisha mwanawe, wako walioongeza kuogelea. Nilipoyasoma haya nilicheka kicheko kikavu. Najua kusoma. Nataka kuwa mwandishi wa riwaya. Katika daftari langu la kaunta iko sura ya saba ambamo shujaa wangu anajitosa mtoni kumwokoa msichana, tena anajitosa na shati lake. Niliiandika sura ile mwaka mmoja baada ya Matema, bila ya aibu hata kidogo. Sasa niambie, wewe unayeandika kama mimi: sura ile ilikuwa nini kama si uongo wa kujiponya?

Basi mwaka jana nikaanza kujifunza. Hoteli moja mjini ina bwawa, na kwa elfu tano unaingia Jumamosi. Kwa mtu anayeishi kwa kutoa fotokopi, elfu tano si mchezo. Ni nauli na chapati za siku mbili. Mwalimu wangu ni kijana wa Kigoma, mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Ananiita “braza”, mimi namwita “mwalimu”, na wiki ya kwanza neno hilo lilinikwama kooni. Wanafunzi wenzangu ni watoto wa miaka saba, minane. Wanapita kando yangu kama usipa, kisha wanarudi kunishauri: “Anko, puliza mapovu! Usizibe pua, Anko!”

Mtu mzima kujifunza kuogelea ni kazi ya kusahau. Mtoto anajaza hekima mahali patupu, wewe kwanza unafukuza wapangaji. Mwili wangu wote ulikuwa unaamini kwamba usalama ni kichwa kuwa juu. Kumbe kichwa ukikiinua, miguu inazama, na miguu ikizama unasimama wima majini kama nguzo ya umeme, na nguzo haielei. Inabidi ulaze uso, utazame chini mahali pale pale unapopaogopa, ndipo nyonga zipande. Mapafu yakijaa hewa yanatosha kumwelesha watu wengi wetu hata katika maji baridi yasiyo na chumvi. Lakini ukiitoa hewa yote kwa woga, unakwenda chini kama jiwe la kusagia. Miguu inapigwa kutoka kwenye paja, si kwenye goti kama mpanda baiskeli. Na pumzi inatolewa ndani ya maji, taratibu, ili ukigeuza kichwa kazi iwe moja tu, kuvuta. Mimi nilikuwa nataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja, nikawa nakunywa bwawa la watu.

Ilinichukua Jumamosi tano kuelea chali. Siku nilipoelea, masikio yakiwa ndani ya maji, kelele zote za mji zilikatika nikasikia moyo wangu peke yake. Nililia kidogo. Majini hakuna anayejua.

Hapa lazima nijihadhari, msomaji, maana mtu aliyejifunza jambo juzi huwa mwepesi wa kuwalaumu wasiolijua leo. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, walikufa mamia. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imekaribia gati ya Ukara, walikufa zaidi ya watu 220, na wengi wao walikuwa watu wa visiwani, watu waliokulia kando ya maji yale yale. Nani atasimama aseme wangejifunza kuogelea? Mtu aliyefungiwa ndani ya chombo kilichopinduka, chini ya magunia na chini ya watu wengine, ufundi wa mikono hauna nafasi. Anayejaza abiria kupita kiasi ndiye wa kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na wengi ni wa nchi maskini kama zetu, ambako maji ni njia na ni kazi, na mwalimu wa kuogelea ni mtu wa hotelini. Kwa hiyo swali langu silitupi kwa marehemu. Nalitupa kwa aliyebaki ukingoni, ambaye namjua vizuri.

Na tusisahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba. Katika watu 43 walikufa 19. Waliofika mwanzo ni wavuvi kwa mitumbwi yao, mmojawapo kijana Majaliwa Jackson, ambaye nchi nzima ilimjua kabla ya wiki kwisha. Wao hawakuwa na sare wala king’ora. Walikuwa na kafi na kamba.

Kafi na kamba. Hapo ndipo blanketi langu lilipochanika.

Jumamosi moja mwalimu alitukusanya, mimi na wale watoto, akatuambia somo la leo hatuingii majini. Akasema mwenzako akizama, usimfuate hata kama unajua. Mnyooshee kitu: mti, kanga, mkanda. Kama hafikiwi, mrushie kitu kinachoelea. Akatoa simu akatuonyesha picha za wasichana wa Nungwi, kule Unguja, wakijifunza kuogelea kwa mradi wa Panje, wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima. Katika picha wako waliokumbatia madumu matupu ya njano. Akasema, “Dumu la lita ishirini, ukilifunga kifuniko, linambeba mtu mzima. Kila nyumba ya Tanzania ina boya, ila hawajui kama ni boya.”

Mtoto mmoja akauliza kama dumu la mafuta ya kula nalo linafaa. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta wa bwawa.

Nilikuwa nimelikalia, msomaji. Lilikuwa tupu, kifuniko chake kilikuwa kimefungwa, na mdogo wangu alikuwa umbali wa kurusha jiwe la mtoto. Nilisimama kutoka juu yake ili nivue viatu. Yule mama wa Kikisi hakuogelea hata hatua moja. Sijui mpaka leo kama anajua. Alinyoosha alichokuwa nacho mkononi. Basi ile hoja ya Kant, ile ya wajibu na uwezo, niliyojifunika kwa miaka mitano, haikuwa yangu. Uwezo nilikuwa nao, una mpini na kifuniko. Nilichokosa ni kutazama. Woga ulinifanya nifikirie jambo moja tu, mimi kuingia au mimi kutoingia. Kila kitu kilianza na mimi. Je, woga wa namna hiyo ni kosa, au ni mwili tu kama kupiga chafya? Nimelizungusha swali hili miezi mingi. Nikilijibu “ni mwili tu”, najisikia nafuu, na kila ninapojisikia nafuu nazidi kulishuku jibu.

Sura ya saba nimeichana. Shujaa sasa anabaki ukingoni, na sijui nimfanye nini katika ya nane.

Mwezi uliopita nilimwandikia mdogo wangu. Sasa anaendesha bodaboda Mwanjelwa, angeweza kufika kwetu kwa dakika chache, lakini mambo mengine mdomo unayakataa. Nikamweleza habari ya dumu yote. Akakaa siku mbili. Kisha akajibu kwamba yeye dumu halikumbuki. Anakumbuka viatu, kwa sababu kila alipotokeza aliviona vinaning’inia, akajua kaka bado yupo. Halafu akauliza bwawa ni shilingi ngapi.

Jumamosi iliyopita alikuja. Hakukubali kupita kina cha kifuani, na mwalimu hakumlazimisha. Nilikuwa nimebeba dumu la njano kutoka nyumbani nikaliweka ukingoni, karibu na mkono wangu. Mlinzi wa getini alipoliona aliniuliza kama maji yamekatika Iyunga.