Mlango wa Mjumbe

Mtu aliyetumwa na mtu ajitumaye mwenyewe hufika mlangoni kwa miguu ya namna moja na vumbi la njia moja, wala macho peke yake hayawezi kuwatenga. Hata hivyo, tangu zamani mmoja wao hufunguliwa mlango upesi kuliko mwenzake. Kwetu Kansay, katika nchi ya juu ya Karatu, mtoto aliyetumwa na mzee kwenda mji wa ng'ambo ya korongo hakuulizwa amevaa nini wala amekula nini. Aliulizwa, "Umetumwa na nani?" Akiisha kujibu alipewa kigoda na kibuyu cha maziwa, na watu wazima walinyamaza ili wamsikilize. Siku ya pili mtoto yule yule akipita pale katika michezo yake, mbwa walimbwekea na hapana mtu aliyeinuka. Mimi nalikuwa mmoja wa watoto hao, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nalidhani maziwa yale yalikuwa yangu.

Kosa hilo hunirudia moyoni kila nisomapo kanuni za viza zihusuzo maofisa wa serikali wasafirio na ujumbe rasmi katika nchi za kigeni. Huenda msomaji akashangaa kuona jambo kavu kama hilo likiletwa katika kurasa hizi. Viza ni muhuri, na muhuri ni kazi ya makarani. Lakini nyuma ya muhuri huu limo swali ambalo karani hawezi kulijibu: heshima apewayo mjumbe ni ya nani? Na pili, lililo gumu zaidi: ni nani astahiliye kuitwa mjumbe?

Nachukua kanuni za Marekani ziwe mfano, kwa sababu zimeandikwa wazi, na kwa sababu wajumbe wa dunia nzima waendao katika Umoja wa Mataifa hawana budi kupita mlango wa nchi ile. Huko ofisa wa serikali ya kigeni aendaye kwa kazi ya serikali yake hupewa viza ya daraja la A, na aendaye katika mikutano ya mashirika ya kimataifa hupewa ya daraja la G. Hatozwi ada ya maombi. Hutakiwa barua rasmi kutoka wizara yake ya mambo ya nje au ubalozi, itajayo jina lake, cheo chake, kazi aendayo kufanya na siku atakazokaa. Jambo la kutazamwa ni hili: pasipoti ya kidiplomasia au ya utumishi haitoshi. Mwenye pasipoti hiyo akienda kumtazama binti yake aliyeolewa Chicago, au kutembea tu, huhesabiwa kuwa mtembezi na hupanga foleni pamoja na watembezi. Ihukumiwayo ni safari, si rangi ya jalada.

Naona kanuni hiyo ni ya haki, na wazee wetu wangaliielewa bila ya kusomewa. Miongoni mwa Wairaqw ipo desturi ya mtu kumpa jirani ng'ombe wake amlishe. Mlishaji hunywa maziwa na hutia samadi shambani mwake. Lakini ng'ombe si wake, na ndama azaliwaye si wake. Hakuna amwonaye mlishaji kuwa mwizi kwa kunywa maziwa, kwani ndiyo malipo ya taabu yake. Mwizi ni yule amuuzaye ndama. Ofisa alalaye hotelini kwa fedha ya umma katika siku za mkutano amekunywa maziwa. Aongezaye siku tano za madukani juu ya siku mbili za mkutano, au atiaye jina la mpwa wake katika orodha ya ujumbe kwa cheo kilichobuniwa usiku wa jana, huyo amekwisha kumfikisha ndama mnadani. Tanzania iliwahi kuona haja ya kulinda zizi hili kwa ukali. Mwezi wa Novemba 2015, mara baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alizuia safari za maofisa kwenda ng'ambo isipokuwa kwa kibali chake au cha Katibu Mkuu Kiongozi. Wapo waliosema kwamba amri ile ilizuia na safari zenye faida. Huenda ni kweli. Mchunga aliyeibiwa hufunga zizi hata mchana.

Kwa hiyo swali la kwanza halinisumbui sana. Heshima ni ya ujumbe. La pili ndilo linisumbualo.

Kanuni zile zile za Marekani zasema kwamba mtu aendaye kwa niaba ya serikali ya mtaa, jimbo au mji hastahili viza ya daraja la A, hata akiwa na pasipoti ya namna gani. Hutakiwa aombe viza ya biashara au matembezi, kama mwuza vinyago na kama mpanda milima. Basi na tumchukue diwani wa kata ya Kansay, asiwe mtu yeyote ajulikanaye, bali diwani wa kufikiriwa tu. Mji fulani wa Marekani umeialika Halmashauri ya Wilaya ya Karatu wazungumze habari za maji na mapato ya utalii. Ujumbe una watu wawili: diwani huyu na karani mmoja wa wizara, aliyetumwa kuandika kumbukumbu. Karani atapita mlango wa wajumbe bila ya ada. Diwani atalipa ada, ataulizwa ana shamba gani na watoto wangapi, na kama ana sababu ya kutosha ya kurudi kwao. Tofauti hii ilizidi ukali mwezi wa Oktoba 2025, Watanzania waombao viza za biashara na matembezi walipowekwa katika mpango wa kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo lilitoka tangazo la Rais wa Marekani kusimamisha viza za namna hiyo kwa Watanzania tangu siku ya kwanza ya Januari 2026. Viza za maofisa wa serikali hazikuguswa. Kwa masharti ya siku hizo karani angalisafiri, na diwani angalibaki Kansay akipalilia mbaazi zake.

Sipendi kuwadhulumu waliotunga kanuni. Wana hoja, nayo ina nguvu. Dola huzungumza na dola, na kila dola hutakiwa kuwa na mdomo mmoja. Kama kila kata, kila kijiji na kila mtaa ungekuwa na haki ya kutuma balozi wake, mlango wa mjumbe ungekuwa lango la gulio, na heshima igawiwayo kwa wote haimfikii hata mmoja. Haya nayakubali. Lakini naona kwamba kipimo kilichotumiwa hupima umbali wa mtu kutoka Ikulu, wala hakipimi umbali wake kutoka kwa wale anaowasemea. Katiba ya Tanzania, katika ibara yake ya 146, husema kwamba serikali za mitaa zipo kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Diwani amepigiwa kura na watu wawezao kumkuta kisimani kesho na kumwuliza alisema nini. Karani ameajiriwa, na pengine Kansay hakupata kuiona. Simlaumu, ni mtumishi mwema wa mabwana wake. Lakini mtu aulizapo katika maana ya zamani, "Umetumwa na nani?", ni nani kati ya wawili hawa aliye na jibu refu?

Jirani zetu wa Meru walipata kulijua swali hili kwa machungu. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili nchi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952 alifika mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hakuwa ofisa wa serikali yoyote. Serikali ndiyo aliyoishtaki. Mlango aliopitia haukuwa wa maofisa, bali ule uliofunguliwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliowapa watu wa nchi za udhamini haki ya kuleta malalamiko yao wenyewe. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Machi 1955, Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu na rais wa TANU, alikwenda kulihutubia Baraza la Udhamini kwa nauli ya michango. Imesimuliwa kwamba viza yake ilimfunga asitoke nje ya mitaa minane kuzunguka makao ya Umoja wa Mataifa, tena aondoke katika muda wa saa 24 baada ya kusema. Waswahili husema mjumbe hauawi. Ni kweli, hauawi. Lakini aweza kufungwa kamba fupi.

Kamba hizo hazikwisha na ukoloni. Mapatano ya mwaka 1947 baina ya Umoja wa Mataifa na Marekani yaliagiza kwamba waendao katika shughuli za Umoja wasizuiwe njia, na viza zao zitolewe upesi na bila ya ada. Hata hivyo mwaka 1988 Yasser Arafat alinyimwa viza, na Baraza Kuu likaona heri kuhamia Geneva mwezi wa Desemba ili limsikie. Mwaka 2025 Rais Mahmoud Abbas alinyimwa pia, akasema na Baraza kwa njia ya video. Wala tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Mwezi wa Septemba 2023 baadhi ya wabunge wa Bunge la Ulaya walikusudia kuja Ngorongoro na Loliondo kuona habari za Wamasai na ardhi yao, nasi tukawanyima ruhusa. Lango la Ngorongoro si mbali na Karatu. Wengi wetu huku tulisikia habari ile tukasema, "Wana nini na mambo yetu?" Ndilo neno lile lile Waingereza walilosema juu ya Engare Nanyuki.

Je, mwenye nyumba hana haki ya kumkataa mtu? Anayo. Mtu aweza kuficha kisu chini ya barua. Rai yangu ni kwamba mwenye nyumba na amkatae mtu kwa tendo la mtu huyo mwenyewe, lililothibitishwa, kisha aache nafasi ya kutumwa mwingine. Akikataa ujumbe wenyewe, hakumkataa aliyesimama mlangoni tu, amewakataa wote walio nyuma yake. Na hao, kwa kuwa hawakuwapo, hawana hata nafasi ya kujitetea.

Na mjumbe naye ana deni lake. Niliporudi kutoka ng'ambo ya korongo, mzee hakuniuliza kama nimepewa maziwa. Aliniuliza, "Wamesemaje?" Nikisahau neno moja nalirudishwa, hata kama jua limekwisha kutua. Siku hizi safari nyingi huishia katika picha ya pamoja na taarifa ifungiwayo kabatini, wala hapana mtu wa kumrudisha mwenye kusahau.

Shauri la Wameru halikufaulu. Mwezi wa Desemba 1952 azimio la kuwarudishia nchi yao lilipita katika Kamati ya Nne, lakini katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura. Kirilo Japhet akarudi Tanganyika mikono mitupu. Hata hivyo hakujificha. Alisimama mbele ya watu waliotoa michango akawaeleza alivyosema na alivyojibiwa, kisha akasafiri katika sehemu nyingine za nchi akieleza tena yale yale kwa watu ambao hawakumchangia kitu.