Mume na Mimba ya Mkewe: Kutojua ni Haya?

Husemwa mara nyingi barazani kwamba mimba na uzazi ni mambo ya wanawake, na kwamba mwanamume mwenye haya hayaulizi. Akiambiwa afuatane na mkewe kliniki akasikilize yanayofunzwa, huona amevunjiwa heshima. Na akiambiwa ajiandae kwa khatari, hujibu kuwa amemtegemea Mungu. Basi suala ni hili: kutojua huko ni haya na tawakkuli kweli, au ni wajibu ulioachwa ukapewa jina zuri?

Yafaa kwanza kutazama mwanamume amefunzwa nini. Binti wa pwani akikaribia kuolewa huwa na somo wake, na akishika mimba huwa na mama, shangazi na mkunga wa kumwambia la kufanya. Mumewe hana mtu. Alicho nacho ni kile alichosoma chuoni katika Safina: kwamba nifasi uchache wake ni kitambo kidogo tu, ghalibu yake ni siku 40, na wingi wake ni siku 60. Elimu hiyo ni ya lazima, maana sala na saumu za mke zasimama juu yake. Walakini ni elimu ya twahara. Haikuandikwa kumjulisha mtu damu ipi yaua.

Na hapa pana mahali pa kuteleza. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ya Shafii ni kuwa damu aionayo mwenye mimba, ikitimiza masharti yake, ni hedhi. Mtu aliyeihifadhi kauli hiyo, mkewe akimwambia ameona damu katika mwezi wa saba, aweza kumwambia aache sala na apumzike, kisha yeye akalala. Hukumu ile ni ya ibada. Haikusema kuwa damu hiyo ni salama. Matabibu wa leo wamehakikisha kwamba hedhi haiji mimba ikiwapo, na kwamba damu ya miezi ya mwisho yaweza kuwa ya kondo la nyuma lililokaa mlangoni mwa kizazi, au lililoanza kubanduka kabla ya wakati, na mwanamke akafa kwa saa chache. Kwa hiyo aliyesoma fiqhi ana haja kubwa zaidi ya kusikia maneno ya mkunga kuliko asiyesoma.

Ama haya, sharia yenyewe haikuyafanya mambo haya kuwa ni ya kunyamaziwa. Kwa Mashafii, ushahidi wa wanawake wanne peke yao hukubaliwa katika mambo ya uzazi ambayo wanaume kwa desturi hawayaoni. Maana yake ni kuwa kadhi mwanamume huwauliza wanawake, huwasikiliza, na hukata hukumu kwa neno lao. Ikiwa kadhi haoni haya kuuliza kwa ajili ya nasaba na mirathi, mume ataonaje haya kuuliza kwa ajili ya uhai? Wala hakuna aliyemwambia aingie kutazama wake wa watu. Akiona uzito kukaa na wanawake kliniki, na amwulize tabibu mwanamume kando, au mkewe amweleze aliyoambiwa. Ya kuyajua si mengi: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, kifafa, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Lolote katika hayo halingoji asubuhi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mwenye mimba aonane na wahudumu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mume asiyejua hata mkewe amekwenda mara ngapi hawezi kusema kuwa amemtunza.

Ama tawakkuli, kila mtoto wa chuo ameisikia khabari ya mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Lakini wako wanaokwenda mbali zaidi, wakasema mwanamke afaye kwa uzazi ni shahidi, basi khofu ya nini? Ni kweli kwamba yumo katika mashahidi. Na katika hadithi hiyo hiyo yumo pia afaye kwa kuzama baharini. Hajaonekana nahodha wa Lamu wala wa Unguja aliyeng'oa kalafati ya jahazi lake ili abiria wapate ushahidi. Daraja hiyo ni rehema kwa aliyekufa na tulizo kwa waliobaki; si ruhusa kwa aliyekaa kitako.

Imebaki hoja ya mali, nayo ndiyo nzito kwa wenye kusoma. Ni kweli vitabu vya madhehebu vimesema kwamba dawa ya mke na ujira wa tabibu si katika nafaka iliyomlazimu mume. Walioandika hayo waliishi zama ambazo tiba ilikuwa ni jambo la nadra, na dawa nyingi zilikuwa za kubahatisha. Miongoni mwa wanavyuoni wa zama hizi, Wahba az-Zuhayli wa Damascus, aliyefariki mwaka 2015, aliona kuwa tiba leo imekuwa ni haja kama chakula, basi ni juu ya mume. Hata asiyeikubali kauli hii haepuki amri ya kukaa na mke kwa wema iliyomo katika Suratun-Nisaa. Tena ni ajabu kumwona mtu ameshaweka mbuzi wa akika tangu mwezi wa nane, hali akika ni sunna, na nauli ya gari la usiku hakuiweka.

Sayyidna Uthman (r.a.) hakwenda Badr kwa sababu mkewe, Bibi Ruqayya, alikuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimwamuru abaki naye, akamhesabia fungu na ujira wa aliyehudhuria vita.

Waliochunguza vifo vya wazazi, Thaddeus na Maine, waliandika mwaka 1994 kuwa ucheleweshaji ni wa namna tatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Wa tatu ni wa hospitali, na mume hana hila nao. Wa kwanza uko nyumbani mwake, na mara nyingi huwa ni kungoja idhini. Mume yuko baharini, au yuko Maskati kazini, simu haipatikani, na jamaa wanaogopa kumtoa mke bila neno lake. Basi aitoe idhini hiyo mapema, mbele ya mama mkwe na ndugu zake, kabla hajasafiri: kwamba dalili ikionekana atolewe saa ile ile, pasina kuulizwa yeye, na awaachie fedha, jina la mwenye gari, na majina ya watu wawili watatu walio tayari kutoa damu.