Tunzo na Ujira katika Vyuo vya Watoto

Baadhi ya walimu wa vyuoni huwapa watoto pesa za karatasi: anayewahi hupata tano, anayegombana hutozwa mbili, na Alkhamisi, kabla ya chuo kufungwa, mtoto hununua kwazo kalamu au halua. Tumeulizwa: je, yafaa?

Twasema: kumfurahisha mtoto si jambo geni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameagiza katika Ihya kwamba mtoto akidhihirisha tabia njema apewe cha kumfurahisha, na asifiwe mbele za watu. Lakini tazameni: wema hutangulia, zawadi hufuata. Hiyo ni tunzo. Ama bei iliyotangazwa kabla ya kitendo, huo ni ujira. Na ujira ukikatika, kazi nayo hukatika.

Jambo hili limejaribiwa Marekani. Mwaka 1973 wataalamu Lepper, Greene na Nisbett walieleza habari za watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi ili wachore, baadaye walipoachwa huru, walichora kwa uchache. Waliopewa bila ya kuahidiwa, mapenzi yao hayakupungua.

Basi mwalimu na atunze, lakini baada ya wema na bila ya ahadi. Na Sala na ukweli visitiwe bei kabisa. Mtoto aliyezoea kumuuzia mwalimu ukweli wake, kesho atampata mnunuzi mwingine atoaye zaidi. Na vitendo, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), huhisabiwa kwa nia.

Wallahu aalam.