Mshono wa Ndani

Siku ya 19 baada ya kupasuliwa tumbo nilijifunga kanga kiunoni nikaenda darasani kucheza ngoma. Nyuzi zilishatolewa, mshono umekauka, na mwenyewe nimechoka kulala. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka kabla sijafika hospitali, kwa hiyo daktari hakunitoboa vitundu. Alichana katikati, kuanzia kitovuni kushuka, akasafisha usaha. Akaniambia: wiki 6 usinyanyue ndoo. La ndoo nililishika. La ngoma sikumuuliza, maana jibu nililijua.

Mwalimu aliuliza, "Dada, umepona kweli?" Nikashusha upindo wa kanga aone kovu lilivyokauka. Akaridhika, nami nikaridhika.

Watu hudhani mauno ndiyo yaliyoniponza. Wapi! Mauno niliyakata taratibu, hata jasho halikunitoka. Kilichoniponza ni kuinuka. Mwisho wa darasa tunalala chali mkekani kunyoosha miguu; nikanyanyuka kwa pupa, kifua juu mara moja, bila kugeuka ubavu. Nikasikia kitu kama pindo la nguo linaloachia. Hakikuuma sana, na huo ndio ubaya wake.

Wiki mbili baadaye, bafuni, nikaona uvimbe kama ndimu pembeni mwa kovu. Nikikohoa unatoka, nikilala unazama. Ngiri.

Daktari hakunigombeza. Alinibonyeza nikiwa nimesimama, akasema kilichopona ni ngozi tu. Chini yake kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, na huo ndio unaozuia utumbo usichomoze. Ngozi hufunga kwa wiki mbili hivi. Utando hudai miezi, na nguvu zake za mwanzo haurudishi zote. Lawama hakuitupia ngoma peke yake: usaha nao ulishaudhoofisha mshono. Ila alinionya, siku uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukauma na nikatapika, nisingoje kukuche.

Nikapasuliwa tena, nikawekewa wavu. Safari hii nilimpelekea maswali ya mchezaji: kuinama lini, kuzunguka lini, kuruka lini? Kutembea nikaanza kesho yake. Kukohoa, nimekumbatia mto tumboni. Wiki 6 hakuna darasa. Kisha akanikagua, akaruhusu mikono na hatua za kawaida. Mauno yakafuata polepole, kuruka kukawa mwisho kabisa, na kila nikisikia mshono unavuta nilirudi nyuma. Shoga zangu waliniletea mikanda ya tumbo mitatu, kila mmoja na sifa zake. Mkanda hukushika ukasikia nafuu. Kuunga utando hauwezi.

Mwalimu siku hizi haniulizi kama nimepona. Anauliza daktari amesemaje. Na mabinti wa darasani hucheka wakiniona ninavyoinuka mkekani: nageuka ubavu, nashusha magoti, nasukuma sakafu kwa mkono, kama bibi anayetoka kitandani. Wacheke.